Farasi wa mawe kisiwani: mapadri wa Kihispania walivyokwenda kwa Wamaya wa Itza wakaambiwa "siku haijafika"

Msomaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye ule uzi wa Waazteki kuna mtu aliandika kwamba Wahispania "walimaliza kazi Amerika ya Kati ndani ya miaka miwili mitatu". Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona bora nifungue uzi wake.

Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianguka mwaka 1521. Dola ya mwisho ya Wamaya, Waitza wa ziwa Petén kaskazini mwa Guatemala ya leo, ilianguka tarehe 13 Machi 1697. Toa hapo, unabaki na miaka 176. Na katika miaka yote hiyo Waitza hawakuwa wamejificha pangoni. Mji wao Nojpetén, maana yake "kisiwa kikubwa", ulikuwa kisiwani katikati ya ziwa na kila gavana wa Yucatán, koloni la Wahispania lililokuwa kaskazini yake, alijua ulipo. Ila kati yake na mji huo kulikuwa na msitu wa majuma kadhaa kwa miguu, mabwawa, mbu, na watu wasiotaka mgeni.

Mara nyingi waliotangulizwa msituni walikuwa mapadri wa shirika la Wafransisko, na makubazi yao na misalaba, wengine wakiongea Kimaya vizuri kuliko maofisa waliozaliwa hukohuko. Uzi huu ni wa safari zao. Nitaleta vipande vipande maana naandika kwa simu.

Tuanze na farasi, kwa sababu bila farasi mengine hayaeleweki.

Machi 1525 Hernán Cortés, yule aliyeiangusha Tenochtitlan, alikuwa njiani kwenda Honduras kumshughulikia Cristóbal de Olid, mtu wake mwenyewe aliyemwasi. Akapita ziwani. Akapokewa na mtawala aitwaye Kan Ek'. (Jina hilo ni la kiti. Watawala wa Itza wanalirithi, kwa hiyo msije mkadhani ninayemtaja mwaka 1525 na 1696 ni mtu mmoja mwenye miaka mia mbili.) Ikasomwa misa, wakaachana kwa amani. Cortés alikuwa na farasi aliyeumia mguu, hawezi kuendelea na safari. Akamkabidhi kwa Kan Ek': mtunzie, nitarudi kumchukua au nitamtuma mtu.

Hakurudi, wala hakutuma mtu.

Waitza walikuwa hawajawahi kufuga mnyama wa namna hiyo. Inasimuliwa kwamba walimtunza kama mgeni mheshimiwa: wakamletea maua, wakamletea nyama ya ndege. Farasi akafa, na si ajabu. Sasa ikawa balaa, mwenye mali akirudi ataambiwa nini? Wakatengeneza sanamu yake kwa mawe na chokaa, farasi ameketi kwa matako, wakaiweka hekaluni. Wakaiita Tzimin Chak. Chak ni mungu wa mvua na radi. Tzimin ni tapiri, yule mnyama wa msituni mwenye pua kama mkonga mfupi. Hawakuwa na mnyama mwingine wa kumfananishia farasi, na hadi leo Kimaya cha Yucatán kinamwita farasi tsíimin.

Miaka 93 ikapita. Nakuja.

Tumbo Joto

Nimeweka kambi hapa. Lete vitu mkuu.

Mkokoteni

Farasi kalishwa maua na kuku 😂😂 Hawa watu walikuwa na ukarimu wa hatari. Kwetu angepewa pumba.

Mwanakwaya

Naomba uzi huu usigeuke wa kutukana mapadri kama ule mwingine. Nasoma kimyakimya.

Msomaji wa Usiku

Mwanakwaya, ondoa shaka. Wamo mapadri humu ambao kwa kweli nimewapenda, na wamo walioniudhi. Mmoja amefanya yote mawili, ndiye huyu anayefuata.

Mwaka 1618 walitoka Mérida, mji mkuu wa Yucatán, mapadri wawili: Bartolomé de Fuensalida na Juan de Orbita. Walipita Bacalar, wakapanda mito kwa mitumbwi hadi Tipu, mji wa Wamaya uliokuwa upande wa Belize ya leo. Tipu ukumbukeni. Ulikuwa mji wa mpakani, watu wake wamebatizwa lakini ndugu na biashara zao ziko ziwani. Wanaakiolojia walipochimba kanisa la Tipu walikuta mifupa ya watu zaidi ya 500 waliozikwa Kikristo. Bila watu wa Tipu kuwaongoza na kuwabebea mizigo, hakuna padri ambaye angeliona ziwa kwa njia ile.

Wakafika Nojpetén mwezi Oktoba. Kan Ek' wa wakati huo akawapokea vizuri. Fuensalida akahubiri kwa Kimaya, watu wakamsikiliza hadi mwisho. Kisha wakampa jibu ambalo mimi nililisoma mara mbili. Hawakumwambia Mungu wako mwongo, wala hawakumwambia ondoka. Walimwambia: siku haijafika. Unabii wetu unasema ipo siku tutaacha miungu yetu na kupokea dini nyingine, lakini hesabu ya miaka haijatimia. Nendeni, mrudi wakati wake.

Nitarudi kwenye hesabu hiyo, maana ndiyo moyo wa uzi huu.

Wakiwa wanatembezwa mjini wakaingia hekaluni, na mle ndani wakamkuta farasi wa mawe ameketi, anaabudiwa. Orbita akapandwa na hasira. Akaokota jiwe, akampanda yule farasi mgongoni, akamponda mpaka vipande vikatawanyika sakafuni.

Fikiria hapo. Mko wageni wawili, mmezungukwa na maji na maelfu ya watu, na mwenzako kavunja mungu wa wenyeji mchana kweupe. Watu wakapiga kelele wauawe. Kilichowaokoa ni mdomo wa Fuensalida, alisimama akahubiri palepale, kwa Kimaya, mpaka mori ukashuka. Wakaondoka wazima.

Na mwaka uliofuata, 1619, wakarudi tena! Wote wawili, Orbita yuleyule. Kan Ek' akaonekana analegea, mazungumzo yakaenda vizuri, lakini makuhani na baadhi ya wakubwa walishachoka. Inasimuliwa walipitia kwa mke wake. Siku moja wakaja watu wenye silaha wakawasukumia mitumbwini. Orbita akaleta ubishi, shujaa mmoja akambwaga chini hadi akazimia. Desemba walikuwa wamerudi Mérida, na habari ikaishia hapo kwa upande wao.

Kasuku Mweusi

Huyo Orbita namfahamu, ni yule mtu wa kwenye msafara anayeambiwa "usiongee na polisi, niachie mimi" halafu yeye ndiye wa kwanza kufungua mdomo.

Tumbo Joto

Fuensalida alistahili nishani. Kwanza kwa mahubiri, pili kwa kukubali kusafiri naye mara ya pili.

Kitukuu cha Pwani

Tusiwachekee sana. Padri anatangulia na msalaba, nyuma yake barabara, nyuma ya barabara bunduki. Huo mchezo unajulikana dunia nzima. Hao walikuwa wapelelezi wenye kanzu.

Msomaji wa Usiku

Kitukuu, nusu ya maneno yako nakubali. Ngoja nikuletee Diego Delgado, halafu uniambie yeye tumuweke wapi.

Mwaka 1622 kapteni mmoja, Francisco de Mirones, alipata kibali cha kuwateka Waitza. Delgado, Mfransisko, akaenda pamoja naye. Wakapiga kambi mahali paitwapo Sakalum. Mirones badala ya vita akaanza biashara, na biashara yenyewe ni ile ya kuwalazimisha Wamaya wa pale kuchukua bidhaa na kulipa kwa mazao na jasho. Delgado aliona hayo, akachukia, akaondoka kambini bila kuaga, akaelekea Tipu kwa njia za msituni. Alitaka kufika ziwani bila jeshi. Mirones aliposikia akamtumia askari kama 12 wamfuate, eti wamlinde. Akaenda nao, pamoja na watu wa Tipu kama 80.

Wakafika Nojpetén Julai 1623. Walipokelewa, wakavuka ziwa, walipokanyaga kisiwa wakakamatwa. Delgado aliuawa kwa kutolewa moyo, na wenzake wakauawa, pamoja na wale watu wa Tipu. Masimulizi ya Wahispania yanasema aliambiwa sababu: ni malipo ya sanamu iliyovunjwa na wale mapadri wa kwanza. Orbita alivunja, Delgado akalipa.

Na kule Sakalum, tarehe 27 Januari 1624, Mirones na askari wake walikuwa kanisani, silaha wameziacha nje. Wamaya wa pale, wakiongozwa na AjK'in P'ol, wakawavamia wakiwa kwenye misa. Hakupona mtu, mji ukachomwa. Baada ya hapo Wahispania wakaacha kabisa habari za ziwa kwa miaka kama 70. Watu wa Tipu nao wakaasi mwaka 1638, wakarudi upande wa ndugu zao.

Kwa hiyo Kitukuu, Delgado alikuwa mpelelezi? Alimkimbia kapteni. Lakini alifika ziwani na askari wale nyuma yake. Mtu wa kisiwani atamtofautishaje?

Kitukuu cha Pwani

Hatamtofautisha, na hana sababu ya kujisumbua. Hapo umenijibia mwenyewe.

Halafu angalia tarehe zako, 1624. Mfalme wa Hispania wakati huo ni Felipe wa Nne, na yeye huyohuyo ndiye mfalme wa Ureno, maana toka 1580 hadi 1640 taji zilikuwa kichwa kimoja. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 wakati wa babu yake. Miaka saba baada ya Sakalum, Agosti 1631, Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani aliyelelewa na mapadri wa Kiagustino kule Goa, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, aliwageuka Wareno ndani ya ngome hiyohiyo, akamuua kapteni na mapadri wakafa pia. Mfalme mmoja anapokea barua mbili, moja ya Yucatán na nyingine ya Mombasa, habari ileile.

Msomaji wa Usiku

Hii sikuwa nimeiunganisha kabisa. Asante mkuu. Kumbe Felipe alikuwa na usingizi mzito.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, uzi mzuri. Niongeze jambo moja, maana mnasoma kana kwamba njia ilikuwa hiyo tu.

Kulikuwa na watawa wa shirika jingine, Wadominiko, waliojaribu namna nyingine miaka 80 kabla ya Orbita. Bartolomé de las Casas, ambaye zamani naye alimiliki watwana, wenyeji wa Amerika, kisha akatubu, alikuwa akihubiri kwamba imani haiingizwi kwa upanga. Wakubwa wa Guatemala wakamcheka: haya, nenda Tuzulutlán tukuone. Eneo hilo lilikuwa na jina la "nchi ya vita" kwa sababu kila jeshi lililoingia lilirudi limepungua. Mei 1537 akatiliana sahihi na gavana Alonso de Maldonado: kwa miaka 5 asiingie Mhispania yeyote huko isipokuwa watawa, na wenyeji wasigawiwe kwa mabwana.

Mbinu inayosimuliwa ni kwamba walitunga nyimbo kwa Kik'iche', hadithi nzima ya dini toka uumbaji, wakawafundisha wafanyabiashara Wamaya waliozoea kupita nchi hiyo na bidhaa zao. Hao wakawa wanauza mchana na kuimba jioni. Wenyeji wakauliza nyimbo hizi za nani, wakaalika wenye nyimbo. Akatangulia Luis Cáncer. Baadaye nchi ile ikabadilishwa jina, ikaitwa Verapaz, amani ya kweli. Mpaka leo Guatemala ina mikoa ya Alta Verapaz na Baja Verapaz.

Wapo wanahistoria wanaosema habari ya wafanyabiashara waimbaji ilipambwa na Mdominiko aliyeiandika karne iliyofuata. Mapatano ya 1537 lakini ni ya kweli, na nyimbo za dini kwa lugha za Kimaya ni za kweli.

Mwanakwaya

Mwalimu shikamoo. Sasa hapo umenigusa. Yaani kwaya ilitangulia padri!

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ilitangulia. Lakini usisherehekee bado. Mwaka 1555 Domingo de Vico, mjuzi wa lugha za Kimaya kuliko wengi wa kizazi chake, aliuawa na Waakala wakisaidiwa na Walakandoni, watu wa msituni ambao hawajatawaliwa, pembezoni mwa hiyohiyo nchi ya amani ya kweli. Baada yake majeshi yakaruhusiwa. Na Cáncer alikwenda kujaribu njia hiyo ya bila silaha Florida mwaka 1549. Wakamuua ufukweni, wenzake wanatazama toka melini.

sifuri_tatu

Na yule aliyechoma vitabu? Maana kila nikisoma kuhusu Wamaya namkuta yeye.

Mwalimu Mstaafu

Diego de Landa. Maní, Yucatán, 12 Julai 1562. Aligundua kwamba Wamaya waliobatizwa bado wana sanamu mapangoni, akaendesha uchunguzi wa mateso, watu wananing'inizwa kwa mikono na kufungiwa mawe miguuni. Ushahidi uliotolewa baadaye unataja watu 158 waliokufa kutokana na mateso hayo. Akachoma sanamu kama 5,000 na vitabu 27 vya maandishi yao. Leo vya namna hiyo vimebaki vinne duniani. Askofu Francisco de Toral alipofika akamshitaki, Landa akaenda Hispania kujitetea, akaachiwa, na Toral alipofariki akarudishwa Yucatán kuwa askofu yeye.

Kichekesho kichungu ni kwamba alipokuwa akijitetea aliandika kitabu kuhusu maisha ya Wamaya, ndani yake akachora alama za maandishi na sauti zake. Katika miaka ya 1950 Mrusi Yuri Knorozov akatumia ukurasa ule kufungua mlango wa kusoma maandishi ya Kimaya. Aliyechoma vitabu ndiye aliyetuachia ufunguo.

Hiyo ni mada yake. Namrudishia mleta uzi.

Msomaji wa Usiku

Mwalimu umeniachia kiti kikiwa cha moto.

Haya, ile hesabu ya miaka. Wamaya walikuwa na kipindi kinaitwa katun. Ni siku 7,200, yaani inakaribia miaka 20 kasoro kidogo. Katun ziko 13, kila moja na namba yake na tabia yake, zikiisha zinaanza upya. Mzunguko mzima ni miaka kama 256. Katun yenye namba fulani ikirudi, inarudi na mambo yake.

Mkokoteni

Samahani, mtu mzima unahesabu maisha kwa katuni?

Msomaji wa Usiku

Nilijua lazima mmoja aje na hilo 😂 Katun, bila i mwishoni.

Sasa katun waliyoiogopa ni ile ya 8 Ajaw. Mara ya mwisho ilikuwa katikati ya karne ya 15, na ndani yake Mayapán, mji mkubwa wa Yucatán, ulisambaratika. Waitza walikuwa wakisimulia kwamba nao walihama kutoka kaskazini katika 8 Ajaw. Ni katun ya tawala kuvunjika. Na ilikuwa irudi mwaka 1697.

Soma upya jibu la mwaka 1618: "siku haijafika". Zilikuwa zimebaki kama miaka 80.

Kitukuu cha Pwani

Hili kwangu si geni hata kidogo. Wazee wa Unguja kwenye mwaka wa Kiswahili, ule wa Mwaka Kogwa, walikuwa wanaupa mwaka jina la siku ulioanzia, na kila jina na tabia zake, mvua na upepo na hali ya watu. Mzee akikwambia "huu mwaka wa Jumaa" kashakupa habari nzima.

Msomaji wa Usiku

Ndiyo hivyohivyo, ila hawa walihesabu mzunguko mrefu kuliko umri wa watu watatu.

Sasa aingie ninayemwona wa ajabu kuliko wote, Andrés de Avendaño y Loyola. Mfransisko, amesoma Kimaya, na amefanya kitu ambacho waliotangulia hawakukifanya: alisoma unabii wa Wamaya wenyewe, akajifunza kupiga hesabu ya katun. Alipoona 8 Ajaw inakaribia akasema basi, nakwenda kuwashinda kwa kalenda yao.

Wakati huohuo gavana wa Yucatán, Martín de Ursúa, alikuwa anakata barabara toka Yucatán hadi Guatemala kupitia katikati ya msitu. Hapa Kitukuu anashinda nusu yake ya hoja. Katikati ya mwaka 1695 Avendaño alijaribu kupita na askari wa barabara, akaona wanavyopora vijiji, akarudi Mérida kwa hasira. Desemba akatoka tena bila askari, na watawa wachache na waimbaji Wamaya toka Mérida (Mwanakwaya, umeona?). Lakini mkobani alikuwa na barua ya Ursúa. Aliwachukia askari, barua ya bosi wao akaibeba.

Tarehe 14 Januari 1696 wakafika ziwani. Kan Ek' akaja kuwapokea kwa mitumbwi kama 80. Wakapandishwa. Katikati ya maji, Kan Ek' akanyoosha mkono akaweka kiganja kifuani kwa Avendaño, juu ya moyo, akamuuliza kama moyo wake unafadhaika. Padri akamjibu kwamba uufadhaikie nini, umefurahi kuona unabii wenu unatimia.

Nimekaa na tukio hilo wiki nzima. Kiganja kile hakikuwa cha mtu mjinga anayeshangaa wazungu. Kan Ek' alikuwa anampima mtu.

Kisiwani watu wakawazunguka, wanawapapasa kanzu, wanawashika mwili. Avendaño alipozungumzia ubatizo wakamuuliza swali la maana kabisa: mtoto atakatwa popote? Atamwagwa damu? Akawaeleza ni maji tu. Mmoja akajaribu, wengine wakafuata, na ndani ya siku tatu au nne alibatiza watoto zaidi ya 300.

Usiku wakakaa na wakubwa kupiga hesabu. Avendaño akawaonyesha kwa namba zao wenyewe kwamba katun inageuka karibuni. Hawakubisha namba. Wakapatana: rudi baada ya miezi minne, tutakuwa tayari. Kan Ek' akaongeza sharti lake: Wahispania wamwondolee mpinzani wake, mkuu wa Wakowoj waliokaa upande wa kaskazini wa ziwa.

Mnaona? Padri anadhani anabishana teolojia. Mwenzake anafanya siasa ya nyumbani, anatafuta jeshi la kumwondolea jirani. Kwa maoni yangu mtu aliyeijua zaidi kalenda katika mazungumzo yale alikuwa Avendaño, na mtu aliyeijua zaidi hali alikuwa Kan Ek'.

Kasuku Mweusi

Na Wakowoj wakanyamaza?

Msomaji wa Usiku

Wapi! Mkuu wao alitokea kisiwani amejipaka rangi ya vita. Ikapangwa wawavizie mapadri njiani. Watu wa nyumbani mwa Kan Ek' wakavujisha siri, mapadri wakavushwa ziwa usiku kwa mtumbwi, wakaelekezwa upande wa Tipu.

Wakapotea. Chakula kikaisha. Siku zikapita wanakula majani na matunda ya mawese ya msituni. Mahali fulani wakakuta majengo makubwa ya kale, yenye vyumba vingi, juu ya mwinuko mkali. Avendaño akajikongoja akapanda kuyaona. Wapo wataalamu wanaosema ilikuwa Tikal, mji wa kale wa Wamaya, wengine wanabisha. Mwishoni hakuweza kutembea, akawaambia wenzake watangulie, yeye akabaki chini ya mti. Waliomwokoa ni Wamaya wapagazi waliotokea njiani, wakambeba hadi mahali paitwapo Chuntuki, tarehe 19 Februari.

Mwanakwaya

Na ile miezi minne?

Msomaji wa Usiku

Haikufika. Sikiliza mkanganyiko wenyewe. Avendaño akiwa bado njiani kwenda, mpwa wa Kan Ek' aitwaye AjChan alitokea Mérida na taji la mjomba wake kama ishara ya kujisalimisha. Wakambatiza tarehe 31 Desemba 1695, akaitwa Martín Francisco, Martín ya gavana mwenyewe aliyemsimamia. Ursúa akaandika kwamba Waitza ni raia wa mfalme tayari. Wakubwa wengi wa ziwani hawakuwa na habari, na walipojua walichukia.

Tarehe 2 Februari 1696, Avendaño bado anatangatanga na njaa yake, askari wa Kihispania wakafika ziwani wakitegemea kupokewa. Wakapigwa. Padri Juan de San Buenaventura aliyekuwa nao akachukuliwa, akauawa.

Ursúa sasa akapata alichokitaka. Raia walioasi wanapigwa kihalali. Akapeleka mafundi seremala ziwani, wakaunda mashua ya vita ya makasia na mizinga. Alfajiri ya 13 Machi 1697 ikaondoka na askari zaidi ya 100. Kabla jua halijapanda sana bendera ilikuwa juu ya hekalu kubwa. Waitza wengi walikufa majini wakiogelea kukimbia risasi. Askari walishinda kutwa wakivunja sanamu, kazi aliyoianza Orbita na jiwe moja.

Katun ya 8 Ajaw ilikuwa ianze Julai. Miezi minne mbele. Wahispania walishindwa kusubiri hata hiyo.

sifuri_tatu

Aisee. Yaani walikuwa wamekubali tarehe, mwenzao akaja mapema.

Kitukuu cha Pwani

Nilisema mwanzoni. Msalaba, barabara, bunduki. Delgado na Avendaño naondoa neno wapelelezi, lakini foleni ilikuwa ileile.

Mwanakwaya

Mimi nabaki na wale wapagazi waliombeba padri aliyekuwa anakufa. Hakuna aliyewauliza majina.

Tumbo Joto

Kan Ek' alifanywaje?

Msomaji wa Usiku

Alikamatwa, baadaye akapelekwa Santiago de Guatemala akakaa kizuizini hadi mwisho wake. Magonjwa yakaja na kufagia watu wa ziwani waliobaki. Kisiwa kikabadilishwa jina, leo kinaitwa Flores, kuna mahoteli na boti za watalii. Ila jina Kan Ek' halikufa. Mwaka 1761 Mmaya mmoja wa Yucatán, Jacinto Uc, alianzisha uasi huko Cisteil akajiita Canek. Wakamuua Mérida hadharani mwezi Desemba mwaka huohuo.

Mkokoteni

Na farasi? Wa kweli, yule wa maua na kuku. Mifupa yake iliishia wapi?

Msomaji wa Usiku

Swali zuri kuliko yote leo. Masimulizi ya miaka hiyo ya 1690 yanataja sanduku lililoning'inizwa kwenye hekalu moja la Nojpetén, ndani yake mfupa wa paja umeanza kuoza. Wenyeji wakasema ni wa farasi aliyeachwa zamani. Miaka 170 na kitu, bado wamemtunzia mwenyewe.

Wenyeji wa Flores nao wana hadithi yao kwamba sanamu nyingine ya farasi ilizama ziwani ikisafirishwa kwa mtumbwi, na maji yakitulia unaweza kuiona chini.

Mkokoteni

Nikipata nauli nakwenda kuchungulia. Pumba nabeba mwenyewe.